Waya Mkono wa Kulia, Skrubu Mkono wa Kushoto

Siku ya kwanza kuingia chumba cha upasuaji nilitolewa nje kabla sijagusa kitu. Sista Advera, aliyekuwa msimamizi wa chumba hicho, alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, akaniuliza kama nimekuja kazini au harusini. Nilikuwa nimevaa hereni. Zilikuwa ndogo, za tangu utoto wangu huko Izimbya, hata mwenyewe nilikuwa nimezisahau. Nikatoka, nikazivua, nikanawa upya mpaka kwenye viwiko, nikarudi. Akanitoa tena kwa sababu nilifungua mlango kwa mkono niliokwisha kuunawa. Mara ya tatu niliusukuma mlango kwa mgongo. Akanionyesha pa kusimama. Nilisimama hapo, au karibu na hapo, mpaka nilipostaafu mwezi uliopita.

Nawaandikia ninyi mnaobaki. Habari za vyeo na mishahara nawaachia wengine. Nataka kueleza habari za mama mmoja na vifundo vya mikono yake miwili, kwa sababu katika miaka yote ile sijaona jambo lililonishangaza zaidi, na kwa sababu kila mgeni akija na kisanduku cha skrubu za namna mpya nawasikia mkibishana zipi ni bora. Sisi tulikuwa na ubishi huohuo, katika chumba hichohicho, tukiwa na vifaa vichache sana.

Hospitali mnaijua ilivyo sasa. Nilipoanza, miezi michache kabla ya Uhuru, ilikuwa majengo ya mawe yasiyo mengi kwenye ukingo wa mlima upande wa Muleba, ziwa likiwa chini kule, na migomba ikianzia pale ukuta wa wodi unapoishia. Mkoa ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Umeme ulikuwa wa jenereta, nayo jenereta ilikuwa na siku zake za kukasirika. Vyombo tulivitakasa kwa mvuke katika pipa la shaba lenye mfuniko wa kukaza, kuni zikiwaka chini yake nje ya dirisha, na mfanyakazi wa kuchochea moto alijua kuliko sisi sote ni saa ngapi upasuaji utaanza.

Sista Advera alikuwa Mhaya wa Kanazi, binti wa wakulima wa kahawa, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo hukuweza kujifanya hukuisikia. Alinifundisha vyombo kwa kunifunga macho. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda, ananiwekea kimoja kimoja kiganjani: koleo, patasi, nyundo, kijiko cha kukwangulia mfupa, na mimi nataja jina na upande unaoshikwa. Nikikosea alikuwa hasemi nimekosea. Alikiondoa tu na kunirudishia baada ya muda, mpaka nikipate. Baadaye nilipokuwa nampa daktari chombo kabla hajamaliza kukiomba, watu walidhani nina kipaji. Nilikuwa nimekaa sana kwenye kile kigoda.

Daktari tuliyekuwa naye mwanzoni alikuwa mzee wa Kizungu, mpole, mwenye kupenda bustani. Kwa kifundo cha mkono kilichoharibika alikuwa na njia moja tu, kukigandisha chote. Alikuwa akikwangua kiungo chote, anaweka vipande vya mfupa, anafunga hogo refu la plasta, na baada ya miezi mkono unakuwa mmoja tangu kwenye kiganja hadi chini ya kiwiko, kama mwiko. Maumivu yaliisha kweli. Wanaume wa jembe na shoka walishukuru. Lakini mkono haukukunjika tena, na wako waliokuja kuuliza kama tunaweza kuwafungulia.

Alipoondoka tukakaa muda bila mpasuaji, kisha akaja Daktari Mutalemwa. Ilikuwa baada ya Azimio la Arusha, wakati vijiji vya ujamaa vinafunguliwa, shule zinajengwa kwa kujitolea, na dukani huna hakika ya kupata sabuni. Alikuwa mtoto wa hapa hapa Bukoba, amesomea upasuaji Ulaya, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri mno. Mlinzi wa getini alidhani ni karani mpya, akamwelekeza kwenye chumba cha makarani. Alikwenda, akawasalimia makarani, ndipo akaja kwetu.

Siku hizo za mwanzo alitufundisha muundo wa kifundo cha mkono kwa akamwani. Kwa ninyi wageni wa huku, hizo ni buni zilizochemshwa na kukaushwa, tunazompa mgeni atafune. Alizipanga mezani safu mbili, nne kwa nne.

"Hivi ndivyo vifupa vya hapa," alisema, akijigusa kifundo. "Ni vinane, vimebanana, na vyote vinateleza. Hiki cha upande wa kidole gumba kikivunjika na kisiunge, jirani zake wanaanza kwenda upande. Gegedu, ile nyama ngumu ya utelezi inayofunika mfupa, inalika, mfupa unasugua mfupa. Wapasuaji wengi wanagandisha vyote. Lakini ukiunganisha vile vya katikati tu, ukaviacha hivi vingine viteleze, mtu anapoteza nusu ya mkunjo na anabaki na nusu."

"Na nusu inatosha?" Sista aliuliza.

"Inategemea mtu anaufanyia nini mkono wake."

Kisha akala mfano wake wote, buni moja baada ya nyingine, na somo likaishia hapo.

Ma Paskazia alikuja asubuhi moja ya mvua. Alitembea kutoka kijiji kilicho chini ya mlima, bila mzigo wowote. Nilishangaa, maana mwanamke wa huku haji hospitali mikono mitupu, huleta japo kichane cha ndizi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mae," yaani mama, akaitikia vizuri, lakini badala ya kiganja alininyooshea mkono sehemu ya juu ya kifundo, kama mtu mwenye tope.

Wengi wetu tulimfahamu kwa jina. Alikuwa mkunga wa vijijini, aliyefundishwa na mama yake, na katika vijiji kadhaa vya bonde lile karibu kila mtoto alikuwa amepita mikononi mwake. Sista Advera alimfahamu pia, lakini kwa namna nyingine. Sista ndiye aliyekuwa akipokea wanawake waliocheleweshwa na wakunga mpaka mambo yakaharibika, na hakuwa na sababu ya kuwapenda.

"Tulikuwa tunatoka Bukoba kusherehekea Uhuru," Ma Paskazia alimweleza daktari. "Lori limejaa, tunaimba. Mimi nimekaa ukingoni. Kwenye mteremko likayumba, nikaanguka nimetanguliza mikono yote miwili, hivi." Akaonyesha viganja vimekunjwa nyuma. "Wenzangu waliimba mpaka mbali ndipo wakajua nimebaki."

Mtu wa kwao wa kuunga mifupa alimkanda kwa majani ya moto na kumfunga kwa maganda ya mgomba. Uvimbe ukaisha, naye akadhani amepona. Akaendelea na kazi kwa miaka. Maumivu yalirudi kidogo kidogo, kwanza wakati wa baridi, kisha wakati wa kukamua nguo, kisha wakati wote.

"Mbwenu, daktari, mtoto wa mwisho niliyempokea karibu aniponyoke," alisema, na mbwenu kwetu Wahaya ni "sasa basi". "Alitoka vizuri, mwenye afya, mimi ndiye niliyeshindwa kumshika. Mama yake hakuona. Tangu siku hiyo wakiniita nasema naumwa tumbo."

Daktari Mutalemwa alimpiga picha za eksirei mikono yote miwili, akazipachika kwenye kioo cha dirisha, kwa sababu taa ya kusomea picha ilikuwa imeungua na hatukupata nyingine. Huo ukawa utaratibu wetu. Mwanga wa ziwani ulikuwa unapita katikati ya mifupa. Kulia na kushoto ni yaleyale: kifupa cha upande wa kidole gumba kimekatika zamani, kingo zake zimekuwa za mviringo kama kokoto, na vya katikati vimesukumwa vikaegemea. Sijaona mikono miwili ya mtu mmoja iliyoharibika kwa kufanana vile.

Alimweleza habari ya kugandisha kifundo chote, akaushika mkono wake mwenyewe wima ili aone.

"Na mkono usiokunja unampokea mtoto vipi?" Ma Paskazia aliuliza. Alichukua mto wa kitandani, akauegemeza kifuani, akaonyesha huku amekunja uso kwa maumivu. "Mtoto hatoki kama gunia, mwanawange. Anatoka akigeuka. Mkono lazima ugeuke naye."

Daktari aliutazama ule mto. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu naye, akamweleza njia ya pili, ya kuunganisha vya katikati tu. Nakumbuka alivyosema, kwa sababu sikuwa nimewahi kumsikia daktari akisema hivyo kwa mgonjwa.

"Nimeiona ikifanywa na nimesaidia. Peke yangu sijaifanya. Na vifupa vikishawekwa pamoja lazima vifungwe visitikisike mpaka viungane. Vya kufungia ninavyo vya aina mbili. Kuna waya wa chuma usioshika kutu, unapita kwenye mifupa na ncha inabaki nje ya ngozi. Vikiungana unauvuta kwa koleo. Na kuna skrubu, ambazo nilikuja nazo, chache. Skrubu inabana mifupa, inaivuta pamoja, lakini inabaki ndani."

"Ipi ni bora?"

"Sijui, mama. Walimu wangu walikuwa wanabishana. Kila mmoja alikuwa na wagonjwa wake wa kuonyesha, na hakuna wagonjwa wawili wanaofanana."

Ma Paskazia alitazama dirishani, kwenye picha zake mbili.

"Hii si inafanana?" alisema. "Weka waya huku, weka skrubu huku. Mwili ni mmoja, chakula ni kimoja. Mimi nitakwambia."

Sista Advera alisema hilo halifai, mtu si shamba la majaribio. Ma Paskazia akamjibu kwa adabu, "Sista waitu, mikono ni yangu." Daktari hakukubali haraka. Alimpa wiki nzima akafikirie nyumbani, na alipopanda tena mlima akiwa na jibu lilelile, tukaanza na wa kulia.

Wa kulia ulipewa waya kwa sababu waya ukishindwa hutolewa kirahisi, na daktari alitaka kushindwa, kama ni kushindwa, kwa namna inayorekebishika. Tulimlaza kwa nusukaputi ya etha. Daktari akafungua ngozi nyuma ya kifundo, akasogeza kano pembeni, akafunua. Nilikuwa nimeona mifupa mingi kabla ya hapo, mapaja, miguu, mbavu. Sikuwa nimewahi kuona ile midogo ikiwa hai. Palipokuwa pazima palimeta kama ndani ya kombe la konokono. Palipolika palikuwa na rangi ya chaki. Daktari akaukunja mkono polepole, na vikatembea vyote, kila kimoja kikimpisha mwenzake, na kano zikapita juu yake kama kamba za kisimani. Sista hakuwa mtu wa kusimama bure, lakini alisimama.

Daktari akaondoa kile kifupa cha upande wa kidole gumba, kilichokwisha kufa, kisha akakwangua nyuso za vile vya katikati kwa kijiko na patasi. Hapo ndipo penye kazi, na ninyi vijana mnapaharakisha. Alikuwa akikwangua, anasuuza, anasubiri. "Bado," anasema. "Bado." Alikuwa anangoja mfupa utoe vitone vyekundu, vidogo kama umande. Mfupa usiotoa damu hauungi na kitu, hata uufunge kwa nondo. Ulipotoa, tukachukua vipande laini kutoka mfupa wa nyonga, tukajaza nafasi, akaingiza waya kwa keekee ya mkono, mimi nikihesabu pumzi za mgonjwa pamoja na mtoa etha.

Mkono wa waya ulitutesa. Plasta za kununua zilikuwa hazipatikani, tulijitengenezea kwa kusugua unga wa plasta kwenye bendeji za kitambaa na kuzikunja, unatoka hapo mweupe mpaka kwenye nyusi. Hogo lilikaa muda mrefu. Ncha za waya tulizisafisha kila siku kwa maji ya chumvi, na bado moja ikatunga usaha. Kijijini walisema hospitali imemchoma spoku za baiskeli. Hazikuwa spoku, ingawa kwa kuziona tu nisingebisha. Picha ya kwanza dirishani ilionyesha ufa bado upo kati ya vifupa. Ya pili, upo. Daktari alikuwa anaingia asubuhi anakwenda dirishani kabla ya kusalimia. Ya tatu, ufa ukawa na ukungu. Ya nne hatukujua ulikuwa wapi. Akavuta waya kwa koleo katika chumba cha plasta, na Ma Paskazia, aliyekuwa akitazama, akauliza, "Ndiyo hivyo tu?"

Alipopata nguvu kidogo, mazoezi yake aliyachagua mwenyewe. Aliletewa ndizi mbivu na nyasi, akakaa uani anakamua juisi kwa mkono mmoja kama tunavyofanya nyumbani. Wodi nzima ilikunywa. Sista alionja kila mara kuhakikisha haijaanza kuchacha, na alionja kwa uangalifu mkubwa.

Wa kushoto ulikuja baadaye, kwa skrubu. Kukwangua ni kulekule, kusubiri ni kulekule. Lakini skrubu ilipokuwa inaingia, daktari aliniita nisogee. "Tazama kwenye ufa," alisema. Akazungusha bisibisi kidogo. Mifupa miwili iliyokuwa imeachana kwa upana wa ukucha ikasogeleana mbele ya macho yetu, ikakutana, na damu ikajitokeza kwenye kingo na kusimama. Akazungusha tena kidogo, akaacha. Nilihisi kama nimeona kitu ambacho hakikuwa cha kutazamwa na watu. Mpaka leo sijui kukieleza vizuri zaidi.

Mkono huo hogo lake lilikuwa fupi na lilitoka mapema, hapakuwa na ncha nje, hapakuwa na usaha. Ukaanza kukunjika huku ule wa kulia, ingawa ulitangulia, ukiwa bado mgumu. Tukadhani ubishi umekwisha. Kisha Ma Paskazia akaanza kusema mkono huo unalia. Akiukunja nyuma ulikuwa unatoa mlio, tk, na kuchoma. Kichwa cha skrubu moja kilikuwa kinagusa ukingo wa mfupa wa mkono. Ikabidi kuzitoa, na kuzitoa kulituchukua muda kuliko kuziweka, maana mfupa ulikuwa umezikumbatia na mifuo ya vichwa ilikuwa imelika. Daktari alitoa maneno ya Kihaya ambayo Sista alijifanya hayajui.

Kwa hiyo, kwa wale mnaotaka jibu la mezani: waya ni mpole kuingia na kutoka, lakini hauvuti, unashika tu, na unadai hogo refu na uangalizi wa kila siku. Skrubu inavuta na inakupa mkono mapema, lakini pa kuzika kichwa chake ni lazima pafikiriwe kabla, na siku ya kuitoa usiwe na miadi mingine. Hayo ndiyo niliyoyajua mpaka asubuhi ile ya Yustina.

Yustina alikuwa mke wa mwalimu wa shule ya kijiji cha ujamaa kilicho jirani. Aliletwa kwa machela uchungu ukiwa ndiyo kwanza unaanza, na Sista akampapasa tumbo. Mtoto alikuwa amelala kikingama, kichwa upande huu, matako upande ule. Chupa ya maji ilikuwa haijapasuka. Daktari alikuwa ameshuka Bukoba bandarini kufuatilia dawa zilizoletwa na meli, na gari la hospitali ni hilohilo alilokwenda nalo. Mtoto wa hivyo akiachwa, uchungu ukikolea, mama anaweza kufa pamoja naye. Wa kumpasua kwa kisu alikuwa daktari mmoja tu katika mlima ule, naye hakuwapo.

Sista alijaribu kumgeuza kwa nje. Tumbo likakaza. Akaacha, akasubiri, akajaribu tena, mtoto akaenda kidogo akarudi. Alikuwa na mikono miwili tu, na kazi ile ilitaka minne. Mimi nilijua nyonga na mapaja, sikujua matumbo.

Ma Paskazia alikuwa kwenye benchi la nje. Alikuwa amekuja kutolewa nyuzi za kidonda cha mkono wa kushoto, pale skrubu zilipotolewa. Sista alimtazama kupitia mlangoni kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kumwona akifikiri.

"Mae," alisema, "umewahi kumgeuza mtoto wa hivi?"

"Wengi. Wengine walikataa."

"Wakikataa unafanyaje?"

"Naacha. Mtoto halazimishwi."

"Na mimi nikisema acha?"

"Naacha, Sista."

Nilimfunika kidonda vizuri, akanawa. Aliomba mafuta, tukampa mafuta ya karanga ya jikoni. Akatia mikono kwapani mwake kuipasha moto, kisha akaiweka juu ya tumbo la Yustina bila kubonyeza, kama anasikiliza. Alimwuliza habari za nyumbani, mume anafundisha darasa la ngapi, kuku wangapi. Yustina akajibu, na tumbo likalegea.

"Sista, weka mkono wako juu ya wangu," alisema. "Hapo. Hicho ni kichwa. Nikikileta chini, wewe kishike kisirudi. Hapo mikono yako ina nguvu kuliko yangu."

Wakaanza. Mkono wa kushoto wa Ma Paskazia ulikuwa kichwani, wa kulia matakoni. Mimi nilikuwa na pembe ya mbao, nasikiliza moyo wa mtoto na kuutaja kila Sista akiuliza. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye vifundo vile viwili. Nilijua chini ya ngozi ile kuna nini. Nilijua mkono wa kulia unafika wapi na unakomea wapi, kwa maana nilikuwa nimeupima mwenyewe mara nyingi kwenye chumba cha plasta. Ulikuwa unafika pale, unakomea, na pale ulipokomea kiwiko kilichukua, na kiwiko kilipokwisha bega likachukua, taratibu, bila kuruka. Kichwa kilisogea. Sista akafuata na kushika. Uchungu ulipokuja wote waliacha, mikono imetulia palepale. Ulipopita wakaendelea.

Kisha tumbo likabadilika umbo. Nililiona. Lilikuwa pana, likawa refu. Moyo wa mtoto sasa ulikuwa unapiga chini ya kitovu, mahali pengine kabisa, haraka halafu polepole, halafu sawasawa. Sista akapapasa chini, akafumba macho, akasema, "Kichwa." Tukamfunga Yustina kanga pande zote mbili za tumbo mtoto asirudi. Alasiri akajifungua mtoto wa kike, kichwa mbele, na Sista ndiye aliyempokea. Ma Paskazia alikuwa amemshika Yustina mgongo.

Daktari Mutalemwa alirudi jua likiwa bado juu, akakuta tumekaa nje, Sista na Ma Paskazia wanatafuna buni kutoka kwenye bakuli moja. Tulimweleza. Alikwenda kumtazama mtoto, akarudi, akakaa chini mbele ya Ma Paskazia akamshika mikono yote miwili, akaikunja, mbele, nyuma.

"Mama, uliniahidi utaniambia," alisema. "Leo umeifanyisha kazi yote miwili pamoja. Upi ulifanya vizuri zaidi?"

Ma Paskazia aliitazama mikono yake kama mtu aliyeulizwa habari za wageni.

"Sijui, daktari," alisema. "Nilikuwa na mtoto. Niliisahau."

Daktari akaiachia taratibu, moja moja, akaenda kunawa uso.

Kesho yake, kabla hajamruhusu aende, alimpiga picha za mwisho. Hapakuwa na chuma tena upande wowote. Alizipachika dirishani, na picha ya mkono mmoja akaigeuza ili vidole gumba vyote vielekee upande mmoja, asituambie ipi ni ipi. Sista akasema ya waya ni hii. Mimi nikasema ni ile. Daktari mwenyewe alikunja uso, akasogea, akalazimika kutafuta alama pembeni ya picha. Matundu ya waya yalikuwa yamejaa. Ya skrubu yalikuwa yanaonekana kama kivuli tu, tena kwa yule aliyejua pa kutazama. Palipokuwa na mifupa na nyufa sasa palikuwa na mfupa mmoja, na mistari yake myembamba ilipita kutoka upande huu hadi upande ule, kama vile tangu tumboni mwa mama yake uliumbwa hivyo.

Ma Paskazia alikuja kusimama kati yetu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Hapa palikuwa pameachana."

"Ndiyo, hapo hapo."

"Nani ameunga?"

"Mimi nilivishika tu visitikisike," daktari alisema.

"Mbwenu, nani ameunga?"

Ma Paskazia alingoja jibu kwa adabu. Kisha mtu wa baiskeli akapiga kengele getini, amekuja kumwita, mke wake yuko katika mwezi wa kujifungua. Ma Paskazia akajifunga kanga kiunoni, akatuaga, akashuka mlima amekaa nyuma ya baiskeli. Ziwa liling'aa nyuma ya zile picha, ukaona mawimbi katikati ya mifupa, nasi tulibaki watatu pale dirishani, na hakuna aliyetaka kuzishusha.